Kuchagua kipima umbali cha leza: usinunue namba ya kwenye boksi

Kazi yangu ni kutengeneza kamera na darubini hapa Mombasa, kwenye kichumba kisichotosha meza mbili. Kila inapokaribia Julai, msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa Tanzania, mlangoni huanza kuingia watu walioshika vijifuko vidogo vyeusi. Kuna madereva na wafuata nyayo wanaoajiriwa na makampuni ya uwindaji ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, kuna walenga shabaha wenye leseni zao, na kuna wacheza gofu wa Nyali. Mfukoni mna kitu kimoja, kipima umbali cha leza, na lalamiko halibadiliki: "Fundi, kimeandikwa mita elfu moja na mia tano. Mbona mti ulio mita mia sita tu hakiusomi?"

Mara nyingi kifaa ni kizima. Mwenyewe ndiye aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi haikuwa ahadi ya mti, wala ya mnyama, wala ya jua la saa saba mchana. Nimeona watu wakilipa fedha nyingi kwa namba hiyo, ndiyo maana nikaamua kuandika hatua ninazozifuata mimi mwenyewe mtu anaponiomba nimchagulie.

Kabla ya yote, jambo la sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na marufuku hiyo haijaondolewa. Hakuna kibali cha kwenda kuwinda Tsavo wala Shimba Hills, na anayekwambia kipo anakutafutia jela. Ninapotaja uwindaji hapa, nina maana ya uwindaji wa vibali huko Tanzania, unaosimamiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya huko, au nchi nyingine inayouruhusu. Kulenga shabaha hapa kwetu ni kwa mwenye leseni ya silaha na kwenye uwanja ulioidhinishwa. Kifaa chenyewe ni jicho tu. Hata mhesabu ndege wa Mida Creek anaweza kukitumia, na wapo wanaokitumia.

Hatua ya 1: Elewa kinavyopima

Usiruke hapa, kwa sababu ukielewa dakika hizi mbili muuzaji hatakuzungusha. Ukibonyeza kitufe, kifaa hutoa mapigo mafupi sana ya mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga unakwenda, unagonga kitu, kiasi kidogo mno kinarudi, na saa iliyomo ndani inahesabu muda uliopita. Mwanga hukimbia takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwenda mita 1,000 na kurudi huchukua kama sehemu 6.7 za milioni ya sekunde. Ili kifaa kisikosee zaidi ya mita moja, saa yake lazima itofautishe chini ya nanosekunde saba. Kwa kitu kinachoingia kwenye kiganja, hiyo ni kazi ya ajabu, na mimi bado huistaajabia kila ninapokifungua.

Sasa angalia kinachofuata. Kila kitu kinategemea ule mwanga kidogo unaorudi. Kibao cha barabarani kimepakwa rangi inayorudisha mwanga ulikotoka, kwa hiyo kitasomeka mbali sana. Gome la mti hutawanya mwanga ovyo. Manyoya ya mnyama hunywa sehemu yake. Maji tulivu huutupa mbele kama kioo kilicholazwa, ndiyo maana ukielekeza kifaa baharini hupati kitu.

Watengenezaji waaminifu huandika namba tatu: ya kitu chenye kung'aa, ya mti, na ya mnyama. Namba ya kwenye boksi, ile ya herufi kubwa, ni ya kwanza. Wewe soma ya tatu. Kama ya tatu haikuandikwa, chukua ile kubwa uigawe kwa mbili, na jua likiwa kali punguza tena. Kifaa cha "mita 1,500" kwa mtu anayetaka kupima pofu aliyesimama kwenye nyasi saa tano asubuhi, mimi nakihesabu ni cha mita 600 hivi. Kikizidi hapo, nashukuru.

Jua ni adui kwa sababu nalo ni mwanga. Kipokezi kinatafuta cheche yake ndogo ndani ya mafuriko. Alfajiri, jioni na siku ya mawingu kifaa hicho hicho kitafika mbali zaidi. Muuzaji akikutoa nje ya duka saa kumi na mbili jioni na kukuonyesha kibao cha barabarani, tayari amechagua saa nzuri na shabaha nzuri. Mwombe akuonyeshe mwarobaini saa saba mchana.

Hatua ya 2: Amua umbali wako wa kweli

Jiulize, kwa moyo mweupe, ni umbali gani unaoweza kupiga na kupata kila mara. Wawindaji wengi waliokomaa niliozungumza nao hawapigi mnyama zaidi ya mita 250 au 300. Kwa hao, kifaa kinachosoma mnyama kwa uhakika hadi mita 500 kinatosha na kubaki. Mlenga shabaha wa mita 800 au 1,000 ana hitaji jingine kabisa, na bei yake ni nyingine.

Kwa nini umbali unasumbua hivi? Risasi ya .308, aina moja ya risasi za bunduki, kutoka kwenye bunduki iliyosawazishwa kwa mita 100, yaani inayopiga pale pale inapolengwa kwenye umbali huo, huwa imeshuka zaidi ya mita moja na nusu ifikapo mita 500. Ukidhani ni 500 kumbe ni 525, risasi itapita chini kwa kiasi cha sentimita 15, na tofauti huzidi kukua kadiri unavyokwenda mbele. Kwenye karatasi ni alama ulizopoteza. Kwa mnyama ni mguu uliovunjika na usiku mzima wa kufuata damu. Mfuata nyayo mmoja alinisimulia habari ya kuro waliyemfuata kutoka saa kumi jioni hadi kesho yake adhuhuri kwa sababu mgeni alikisia umbali kwa jicho. Alipofika mahali pa kusema walimkuta vipi, aliinamisha kichwa na hakumaliza. Tangu siku hiyo sioni kipima umbali kuwa pambo.

Hatua ya 3: Uliza upana wa mwale

Hapa ndipo penye siri yote, na ndipo wauzaji wengi wananyamaza. Leza si sindano. Inapotoka inatanuka, na kutanuka huko hupimwa kwa miliradiani. Hesabu yake ni nyepesi: miliradiani 1 ni mita 1 kwenye umbali wa mita 1,000, au sentimita 10 kwenye mita 100. Mwale wa miliradiani 2 ukifika mita 500 una upana wa mita nzima. Kifua cha swala hakifiki nusu mita. Unachopima hapo ni swala, na nyasi za pembeni, na kichaka kilicho nyuma, vyote kwa pamoja, kisha kifaa kinachagua jibu moja bila kukwambia kimechagua lipi.

Mara nyingi mwale si duara bali ni mstatili. Utaona umeandikwa kama 1.5 kwa 0.5. Uliza upande mrefu umelala au umesimama. Kwenye mbuga tambarare mwale uliosimama wima ni hatari zaidi, kwani ncha yake ya chini inagonga ardhi iliyo mbele ya mnyama na ya juu inampita na kutua mbali nyuma yake. Mwale uliolala huchukua majirani wa kushoto na kulia, ambao kwa kawaida wako umbali ule ule au karibu nao. Kwa msitu wa miti mingi myembamba hesabu inageuka. Mimi, nikilazimishwa kuchagua kati ya vifaa viwili vya bei moja, kimoja cha "mita 2,000" chenye mwale mpana na kingine cha "mita 1,400" chenye mwale mwembamba, nachukua cha pili bila kufikiri mara mbili.

Rangi ya leza nayo ina neno lake. Vifaa vingi vya kawaida hutumia urefu wa wimbi wa nanomita 905. Vichache vya bei kali hutumia 1,550. Faida ya 1,550 ni kwamba majimaji ya sehemu ya mbele ya jicho huunyonya mwanga huo kabla haujafika kwenye retina, kwa hiyo mtengenezaji anaruhusiwa kutia nguvu zaidi bila kuhatarisha macho. Hasara yake ni ile ile: maji huunyonya, basi mvua na ukungu huusumbua zaidi. Kwa mtu wa hapa Pwani anayepima chini ya mita 1,000, 905 inatosha. Hakikisha tu kifaa kimeandikwa ni leza ya Daraja la 1. Kisichoandikwa daraja usikiweke jichoni wala usikielekeze kwa mtu.

Hatua ya 4: Tazama kupitia kioo, tena jioni

Watu hununua leza wakasahau kwamba wanachotazamia ni darubini. Ukishindwa kumwona mnyama, hutampima. Ukuzaji wa mara 6 au 7 hutulia mkononi. Mara 10 huona zaidi lakini hutikisika, utahitaji kuegemea kitu. Gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji: 25 kwa 7 ni karibu milimita 3.6, na huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni mwako. Ukipata chini ya 3, magharibi ikiingia utaona kiza.

Halafu maandishi ya ndani. Yapo ya aina mbili. Kuna maandishi meusi ya LCD, ambayo mchana wa jua yanasomeka vizuri sana, lakini jioni yanapotea kwenye mti mweusi, na paneli yenyewe hula sehemu ya mwanga. Kuna maandishi mekundu yanayowaka, ambayo jioni ni raha, ila mwanga wake lazima uweze kupunguzwa hadi chini kabisa, la sivyo wekundu unakufumba jicho na mnyama hutamwona tena. Kaa navyo mkononi dakika kumi baada ya adhana ya magharibi. Hapo mwenyewe utajua.

Ukivaa miwani, jaribu ukiwa umeivaa. Hilo ni la nusu dakika na limewarudisha dukani watu wengi.

Hatua ya 5: Angalia namna za kupimia

Cha gofu kimefundishwa kukamata kitu kilicho karibu zaidi, kwa sababu bendera iko mbele ya miti. Cha uwindaji kinafaa kiwe na uwezo wa kuchukua kitu cha mbali zaidi, kwa sababu mnyama yuko nyuma ya nyasi. Kifaa kizuri kina vyote viwili na unabadilisha kwa kitufe. Ukinunua cha gofu kwa sababu kilikuwa na punguzo la bei, kitakupimia majani yaliyo mita 60 mbele yako huku nyati yuko mita 180. Kinafanya kile alichokitaka mcheza gofu.

Kiwe na namna ya kusoma mfululizo ukishikilia kitufe. Bila hiyo majaribio ninayokuelekeza hapo chini hayawezekani.

Pembe. Ukiwa juu ya kilima ukapiga chini, risasi huathiriwa zaidi na umbali wa mlalo, si ule wa mteremko. Mita 400 kwenye mteremko wa nyuzi 30 ni kama mita 346 za mlalo. Kwenye nyuzi 20 ni 376. Hapa kisiwani ni tambarare huoni tofauti, lakini ukienda Taita au milima ya Usambara utaihitaji. Vifaa vingi vya leo vinafanya hesabu hiyo vyenyewe. Hakikisha unajua namba unayoisoma ni ipi kati ya mbili.

Yadi na mita! Nitasema kosa langu. Nilimsaidia rafiki kuweka mbao za shabaha, nikasoma 300, tukachimbia nguzo, tukashindilia. Alipiga asubuhi nzima, risasi zote zikigonga juu ya alama, naye akabadilisha mpangilio wa darubini ya bunduki mara tatu. Mwishowe nikabonyeza kitufe cha mipangilio nikaona kiherufi kidogo kuliko sisimizi: yadi. Yadi moja ni mita 0.9144, kwa hiyo tulikuwa tumepima mita 274. Tulipoteza siku na risasi za mtu mwingine, na risasi hapa si bei ya karanga. Kifaa kipya kikitoka kwenye boksi, hasa kilichokusudiwa soko la Marekani, kitu cha kwanza geuza kiwe mita.

Kuna vifaa vyenye kompyuta ya risasi ndani, vinavyounganishwa na simu. Ni vizuri kwa mlenga shabaha wa masafa marefu anayejua kuvilisha takwimu sahihi. Mtego mmoja unatupata sisi watu wa Pwani. Kompyuta hizo zinataka kanieneo halisi ya hewa, yaani mgandamizo wake, mahali uliposimama, na wengi hujaza ile ya utabiri wa hali ya hewa, ambayo imeshasahihishwa iwe kana kwamba uko usawa wa bahari. Ukiwa Bamburi namba mbili hizo ni karibu sawa, kwa hiyo kosa linajificha. Ukifika Arusha, karibu mita 1,400 juu ya bahari, kanieneo halisi ni kama hektopaskali 860 na wewe umejaza 1,013. Mlenga shabaha aliyezoea uwanja wa Pwani atalaumu bunduki, atalaumu risasi, na tatizo liko kwenye kisanduku kimoja cha programu.

Upepo, ujue, hakikupimii.

Hatua ya 6: Kijaribu mwenyewe kabla ya kulipa, au ndani ya muda wa kurudisha

Chukua tepu ya fundi ujenzi ya mita 50. Nenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, Bamburi au Shanzu, mchanga ukiwa mgumu na tambarare. Pima mara mbili kwenye mstari mmoja ulionyooka upate mita 100, simika ubao au boksi la katoni, na usome mara kumi. Usomaji wote uwe ndani ya mita moja ya 100. Usomaji mmoja ukikuletea 104 na mwingine 97, kirudishe kifaa.

Jaribio la pili ndilo ninalolipenda, na sijaona muuzaji akilifanya. Kialama unachokiona ndani ya kioo na mwale wenyewe ni vitu viwili tofauti, na kiwandani huoanishwa. Wakati mwingine havikuoana, au kifaa kilianguka. Utalenga kifua cha mnyama nao mwale unapita juu ya mgongo wake.

Tafuta nguzo ya stima iliyosimama peke yake, umbali wa mita 200 hivi, nyuma yake kuwe na mbingu tupu au kitu cha mbali sana. Mnazi ulionyooka unafaa pia. Egemeza kifaa ukutani, au kikaze kwenye tripodi kama kina tundu la skrubu. Washa usomaji wa mfululizo. Anza kushoto ya nguzo ambako hakisomi kitu, sogea kulia polepole, polepole sana, na pale tu namba inapotokea, simama. Tazama kialama kiko wapi ukilinganisha na ukingo wa nguzo. Chora kwenye karatasi. Rudia ukitokea kulia. Kama kutoka kushoto kinaanza kusoma kialama kikiwa nje ya nguzo kwa nusu ya upana wa kialama, na kutoka kulia ni vivyo hivyo, mwale uko katikati. Kama upande mmoja kinasoma mapema na mwingine hakisomi mpaka umepita katikati ya nguzo, mwale umekwenda pembeni. Kisha fanya ya juu na chini kwa ukingo wa paa la mabati lenye mbingu nyuma yake.

Dakika ishirini hizi zitakupa vitu viwili. Utajua upana halisi wa mwale wako, na utajua umeinamia upande gani. Nilikuwa na mteja, mlenga shabaha, mtu mzima wa heshima zake, aliyekuwa tayari kutupa kifaa chake. Tulikipima hivi juu ya paa la nyumba jirani tukakuta mwale uko chini ya kialama kwa upana wa kialama chenyewe. Nilimwambia, "Mzee, usikitupe. Lenga juu kidogo." Anakitumia hadi leo.

Usipimie kwenye kivuko cha Likoni, usielekeze bandarini Kilindini wala upande wa kambi ya wanamaji ya Mtongwe, na usifuate ndege inayotua uwanja wa Moi. Leza ya Daraja la 1 haitaumiza mtu, lakini mtu aliyeshika kitu cheusi jichoni akielekeza sehemu hizo ataulizwa maswali, na ana haki ya kuulizwa. Ufukweni nako, ngoja waogeleaji wapungue.

Hatua ya 7: Pima kama kitaishi Pwani

Vifaa hivi hubuniwa na watu wa nchi za baridi. Hapa unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, chumvi iko hewani mwaka mzima, na kusi ikivuma chumvi hiyo inaingia hadi kabatini. Tafuta kilichojazwa gesi kavu ya naitrojeni na kufungwa kabisa, chenye alama ya IPX7, yaani kinaweza kuzama mita moja kwa nusu saa. IPX4 ni ya matone tu. Inatosha kwa gofu, haitoshi kwa mashua wala kwa safari ya siku kumi na nne porini.

Kama unanunua kilichotumika, fanya hivi. Mulika tochi kupitia lenzi ya mbele, wewe ukitazama upande wa jicho kwa pembe kidogo, usikodolee tochi moja kwa moja. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinazoanzia ukingoni kuelekea katikati, huo ni ukungu unaoota, wa jamii ya ule unaoota kwenye mkate. Kwenye kamera ninaufuta, ingawa mara nyingine umeshakula rangi ya kioo na alama hazitoki. Kwenye kipima umbali kilichofungwa kiwandani nikikifungua naitrojeni imekwenda, na mpangilio wa mwale huenda nao umekwenda. Kiache.

Funua mlango wa betri. Ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye sahani za shaba, bei ishuke sana au uondoke. Aina ya betri nayo ni swali la kweli: vingi vinatumia CR2, betri fupi nene ya volti 3 ambayo hutaipata kwa muuza duka wa mtaani, sembuse kijiji cha karibu na Selous. Nunua tatu, tembea nazo mbili. Vinavyochajiwa kwa waya wa simu ni rahisi kwa mtu wa mjini, ila usikiache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani.

Hatua ya 8: Bei na maneno ya mwisho dukani

Leica, Swarovski na Zeiss wana vioo vizuri sana na bei zake zinajulikana. Vortex, Bushnell, Nikon na Sig Sauer wanatengeneza vya tabaka kadhaa, kuanzia vya mtu wa kawaida hadi vya mtaalamu. Jina peke yake halikwambii upana wa mwale wala namba ya mnyama, kwa sababu kampuni moja inauza kizuri na cha kubahatisha kwenye rafu moja. Vile visivyo na jina linaloeleweka, vyenye namba kubwa kuliko vya Wajerumani na Waaustria na bei ya viatu, vimenipa kazi nyingi za kusema "pole".

Ukiagiza kutoka nje, muulize wakala wako wa forodha kabla ya kutuma fedha, na mwandikie wazi ni kifaa gani. Usiagize chenye kuona gizani ukidhani ni kitu kimoja. Hicho ni mlango mwingine. Dhamana iulizwe hivi: kikiharibika nakipeleka kwa nani, na nani analipa usafirishaji? Dhamana ya miaka kumi iliyoko Ulaya, kwa mtu wa Kisauni, ni ya kulipia ndege.

Siku ukikileta nyumbani, usikitoe kwenye chumba chenye AC ukaenda nacho moja kwa moja nje. Kioo kilicholala kwenye nyuzi 20 kikikutana na hewa ya Mombasa kinatoa jasho papo hapo. Kiache ndani ya mfuko wake uliofungwa, nje kivulini, nusu saa. Ukitoka ufukweni au kwenye mashua, kipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu, na usisugue lenzi ikiwa bado ina mchanga, ipulize kwanza. Usiku kiweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu. Vikae viwili au vitatu, na kila baada ya wiki chache vianike juani siku nzima au uviweke kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo. Na kama hukitumii mwezi mzima, toa betri, iviringishe kwenye karatasi, uandike tarehe kwa kalamu ya wino, uiweke humo humo.